Subaru Forester XT yenye waranti ya miezi 6 au Impreza STI A-Line isiyo na waranti? Nishaurini kabla sijalipa

Kombora GT

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi ni mrefu, mnivumilie. Hii pesa nimeidunduliza miaka minne, ni milioni 42 na haiongezeki hata mnichape viboko.

Nina kidonda cha zamani. Mwaka 2019 nilinunua Subaru Legacy GT ya turbo kwenye yadi moja hapa Dar, sitaitaja. Muuzaji akaniambia, "Bosi, hii ina waranti miezi mitatu, injini na gia boksi, wewe lala usingizi." Mwezi wa pili tu nikawa napanda nayo Kitonga, familia ndani, AC inapuliza. Katikati ya mlima nikasikia mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Mara nguvu ikakata. Kutazama kioo cha nyuma, lori lililokuwa linanifuata silioni, moshi wa bluu umelifunika lote.

Turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, imekufa. Nilivyorudi Dar nikaenda yadi na ile turbo nimeibeba kwenye ndoo ya rangi. Jamaa akachungulia ndani ya ndoo, akanitazama, akasema, "Waranti ni ya injini bosi. Hii ni turbo." Nikamwambia turbo si imefungwa kwenye injini? Akanijibu hata rejeta imefungwa kwenye injini. Karatasi sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni risiti imeandikwa "gari moja".

Sasa nataka tena gari yenye nguvu, na nimebaki na mbili:

Ya kwanza ni Forester XT ya 2014, chesisi SJG, turbo 2.0, CVT (ile gia boksi ya otomatiki isiyo na hatua za gia). Ipo yadi, imeshuka melini juzi, haijasajiliwa. Kilomita 87,000. Karatasi ya mnada wa Japani ninayo, hali ya gari wameipa gredi 4. Yadi wanatoa waranti ya miezi 6 na safari hii wameiandika.

Ya pili ni Impreza WRX STI A-Line ya 2010, ile ya 2.5 otomatiki. Namba D, ya mtu binafsi, ipo Bongo tangu 2019. Mwenyewe ana daftari la kila oili aliyobadilisha. Ekzosi imebadilishwa na anasema "imetyuniwa kidogo tu", yaani programu ya kompyuta ya injini imeguswa ili iongeze nguvu. Waranti hakuna. Ila ni rahisi kuliko Forester kwa milioni 7, na wakuu, ukiikalia tu unajua.

Roho iko kwa STI. Akili inasema waranti. Mnasemaje?

Baba Wawili

Nunua Toyota Crown ya kawaida ukalee watoto. Turbo ni mke wa pili, anakuja na mahari yake kila mwezi.

Bi Taratibu

Baba Wawili na Crown yako, kila uzi wewe ni Crown.

Kaka Kombora, hiyo waranti iliyoandikwa, hebu iweke hapa neno kwa neno. Usitufupishie.

Spana 17

Kombora, hiyo Legacy yako sijaiona lakini naijua ilivyokufa. Kwenye injini zile za Subaru zinazoitwa EJ, paipu inayopeleka oili kwenye turbo inaanzia kwenye bolti yenye tundu, na ndani ya ile bolti kuna kichujio kidogo cha waya, hakizidi kifuniko cha kalamu. Oili ikicheleweshwa inageuka masizi, masizi yanaziba kile kichujio, turbo inakosa oili huku shafti yake inazunguka mara zaidi ya laki moja kwa dakika. Wewe unasikia mluzi. Mbaya zaidi ni kwamba vyuma vya turbo iliyosagika vinaingia kwenye oili na kushuka chini kwenye injini, kwa hiyo anayebadilisha turbo tu bila kusafisha njia zote atarudi tena. Nimeshafungua nyingi za hivyo. Kichujio chenyewe ukikishika mkononi unacheka, halafu unakumbuka bei ya turbo unaacha.

Twende kwenye maswali yako.

A-Line ina EJ257. Wengi hawajui kwamba STI ya gia za mkono ya Japani ya umri huohuo inatumia EJ207 ya 2.0, injini tofauti kabisa kwa uvumilivu. Ugonjwa wa EJ257 ni pistoni. Ule ukingo mwembamba unaotenganisha ringi na ringi unapasuka, na silinda namba 4 ndiyo huanza mara nyingi. Kinachoupasua ni injini kugonga, yaani mchanganyiko wa petroli na hewa kujiwakia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na kinacholeta kugonga ni petroli ya oktani ndogo (inayojiwakia upesi), joto na kutyuni kwa mtu asiyejua. Gari hizi zilipangwa zinywe ile petroli ya gharama ya Japani, ambayo inakaribia oktani 100. Vituo vyetu havifiki huko. Sasa muuza gari anapokwambia "imetyuniwa kidogo tu", muulize nani aliityuni, kwa petroli gani, na programu ya zamani iko wapi. Akianza kucheka, funga mjadala.

Forester yako ina injini ya FA20 ya sindano za moja kwa moja, zinazopuliza petroli ndani ya silinda yenyewe. Haina mkanda wa taimingi, ina cheni, kwa hiyo ile gharama ya kubadilisha mkanda kwenye kilomita laki moja huna. Pistoni zake hazina sifa mbaya kama za EJ257. Ubaya wake ni kwamba petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, hivyo masizi yanajijenga pale na baada ya miaka gari inakosa utulivu ikiwa sailensa, yaani imesimama injini inaunguruma. Hiyo inasafishika. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni CVT. Sisemi ni mbovu. Ninachosema ni kwamba oili yake watu hawaigusi, na wakiigusa wanaweka yoyote waliyoikuta dukani.

Gari ya nguvu huulizi kwanza ni modeli gani. Unauliza nani aliikanyaga.

Kombora GT

Bi Taratibu, hii hapa, nimeinakili kama ilivyo:

"Yadi itagharamia matengenezo ya injini na gia boksi ndani ya miezi sita (6) au kilomita 5,000, kwa hitilafu zisizotokana na matumizi mabaya ya mteja."

Halafu muuzaji ameniongezea kwa mdomo kwamba eti gari bado ina waranti ya Subaru Japani.

Ngong Boxer

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu hiyo XT ya 2014 huwezi kuiingiza tena, sheria ni miaka 8 tu tangu isajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo tunauziana zilizo hapa tayari. Nyinyi mnaruhusiwa ila TRA wanawakamua, sindio? Ikipita miaka 10 mnaongezwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30.

Mimi nataka kusema kuhusu daftari. Nilionyeshwa daftari kama hilo nikinunua Forester yangu ya kwanza. Kurasa kumi na nne, kila oili na tarehe yake. Nikapeleka nyumbani, mke wangu ni mwalimu, akaliangalia mara moja akasema, "Hii imeandikwa usiku mmoja." Kalamu moja, mwandiko haujachoka, hakuna hata doa la oili. Bana, fundi gani anaandika na mikono safi? Kwa hivyo usiulize daftari, uliza risiti za spea. Na kama alilipa kwa simu, aonyeshe zile meseji. Meseji ya 2021 huwezi kuitunga leo.

Tangu McRae ashinde Safari Rally ya 1997 na Impreza, kila mtu huku anajiona dereva wa mashindano. Gari nyingi zimelipa hiyo deni.

Bi Taratibu

Ahsante kaka. Mimi nafanya kazi ya bima, mikataba ndiyo chakula changu, basi tuitafune hii.

Kwanza hiyo ya Japani, isahau. Subaru kule wanatoa miaka 3 au kilomita 60,000 kwa vitu vya kawaida, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa vikubwa kama injini na gia boksi. Gari ya 2014 ilishamaliza zote kwa miaka, hata kama kilomita hazijafika. Na hata ingekuwa mpya, ile ni ya matumizi ya ndani ya Japani. Gari ikipanda meli, waranti inabaki gatini. Kulekule kwao gari ikibadilisha mwenyewe, lazima ipelekwe kwa wakala ikakaguliwe ndipo waranti imfuate mnunuzi. Aliyekwambia hayo ama hajui ama anajua sana.

Sasa ya yadi. Imeandikwa "matengenezo", haijaandikwa kubadilisha. Injini ikinoki wanaweza kuifungua, wakaweka mitali (beringi za ndani) mipya, wakakurudishia, wakawa wametimiza ahadi. "Injini" ni nini? Turbo imo? Wewe tayari ulishafundishwa jibu, kwa ndoo. "Gia boksi" inajumuisha kompyuta ya CVT na valvu zake? "Matumizi mabaya" anaamua nani? Gari ya nguvu ya farasi 280, ukiikanyaga mara moja tu kuvuka lori pale Chalinze, fundi wao atasema umeitumia vibaya. Ikizimika Dodoma, anayelipia kuivuta hadi Dar ni nani? Na kilomita 5,000 kaka, ukienda Mwanza na kurudi mara mbili, imekaribia kuisha.

Waombe waongeze mistari mitatu: turbo na vifaa vya umeme vya gia boksi vimo, ukaguzi wa hitilafu ufanywe na gereji mtakayokubaliana wote wawili, likishindikana tengenezo, wabadilishe au warudishe pesa. Wakikubali, waranti ina uzito. Wakikataa, umeshajua.

Na msichanganye. Bima kubwa inalipa ajali, moto na wizi. Injini iliyojifia yenyewe haimo.

Mbongo wa Dallas

Nitachangia la huku Marekani kidogo, lina faida kwenu.

Gari ya mtumba kwa dila huku lazima iwe na karatasi dirishani inayosema kama ina waranti au inauzwa "kama ilivyo". Likishasomeka hilo la pili, kwa sehemu kubwa umekwisha. Ukitaka amani unanunua zile zilizokaguliwa na kampuni yenyewe, unaongeza dola elfu kadhaa. Gari iliyotyuniwa, mfano VW au Audi, wakala akiigundua anaitia alama kwenye mfumo, na kuanzia hapo ukidai injini wanaanza kukuuliza maswali.

Ila ninachotaka mkibebe ni hiki. Mwaka 2017 Subaru huku waliongeza waranti ya CVT kwa magari karibu milioni moja na nusu, kutoka miaka 5 hadi miaka 10 au maili 100,000. Forester za 2014 na 2015 zimo. Haikusaidii wewe hata senti, gari yako ni ya Japani. Lakini kampuni haitoi pesa yake bila kuumia. Ilipoongeza waranti, hapo ndipo pana kidonda. Kwa hiyo kwenye ile Forester, nenda kwenye CVT kabla hujafungua boneti.

Baba Wawili

Crown yangu haina CVT.

Spana 17

Mbongo wa Dallas umenena. Kombora, zilete zote mbili. Nipime kompresheni (kila silinda inabana hewa kiasi gani), nisome kompyuta, ninyanyue. Laki moja na nusu kwa gari. Dada Bi Taratibu hapo juu amekupa maneno ya kuandika, mimi nitakupa namba.

Bi Taratibu

Kitu kimoja fundi kabla hujaanza. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, inamdai mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa. Lakini ukishakagua, ubovu ambao ukaguzi ule ulipaswa kuuona unakuwa wako. Kwa hiyo ukikagua, kagua kwelikweli. Kupiga teke tairi na kuondoka ni vibaya kuliko kutokagua kabisa. Na mtu binafsi kama yule wa STI, huo ulinzi wa sheria ni mwembamba sana kwake kwa sababu yeye si mfanyabiashara wa magari.

Kombora GT (siku nne baadaye)

Wakuu nimerudi.

STI kwanza. Mwenyewe ni kijana mstaarabu, alikuja nayo mwenyewe gereji. Daftari, Ngong Boxer, nililinusa kama ulivyosema! Lina madoa ya oili na kalamu tofauti, nikampa alama zake. Spana akachomoa plagi. Zile injini plagi zinatazama pembeni, unaweka mkono mahali panya hapiti. Silinda ya kwanza 145, ya pili 142, ya tatu 147. Ya nne 118. Akarudia, 117. Akatia oili kijiko ndani ya tundu la plagi, akapima tena, ikapanda hadi 139. Hakusema kitu. Akafuta mikono, akanitazama, akamtazama yule kijana. Kijana akasema, "Lakini haili oili bwana." Spana akamwonyesha plagi ya silinda ya nne, nyeusi na inateleza.

Iliniuma, sitadanganya. Yule kijana iliniuma zaidi kwake, maana naamini hakujua. Aliityuni kwa jamaa mmoja mwenye laptopu, programu ya zamani hana.

Spana 17

Niongezee hapo, maana watu watauliza. Kompresheni ikipanda ukitia oili, hewa inatorokea kwenye ringi na pistoni. Ingekuwa valvu isingepanda. Tofauti ya silinda na silinda ikizidi kama asilimia 10, mimi sinunui. Injini ya kusuka upya na pistoni za kufua (forged) ingemeza zile milioni 7 ambazo Kombora angeokoa na kudai nyingine.

Na mwenye Impreza ya miaka ile, yoyote, ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya Subaru Japani uone kama iliitwa irudi kubadilishiwa eabegi na haikubadilishwa. Zile za kampuni ya Takata. Kemikali yake inaharibiwa na joto na unyevu kadiri miaka inavyokwenda, na hali ya hewa ya Dar, Tanga au Mombasa ndiyo hasa isiyotakiwa. Ikilipuka inarusha vyuma usoni. Hilo halina cha waranti kuisha.

Kombora GT

Sasa Forester. Karatasi ya mnada ilisema kilomita 86,900 na kitu, dashibodi 87,000 na kidogo, inaeleweka. Bati limenyooshwa mlango wa nyuma kushoto, nalo liko kwenye karatasi. Kompresheni zote nne ziko karibu. Oili ya CVT Spana alivuta kidogo, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, haina harufu ya kuungua, haina vumbi la chuma.

Ila kompyuta. Haikuwa na kosa hata moja, na hapo ndipo Spana alipokunja uso. Ilionyesha kumbukumbu imefutwa, na tangu ifutwe gari imetembea kilomita 11. Muuzaji akasema betri ilikufa bandarini. Inawezekana. Spana akamwambia basi tuizungushe kilomita 80 tusome tena. Walisitasita, nikaacha laki mbili za dhamana na mtu wao akapanda nyuma. Tukaenda Kibaha na kurudi, tena kwenye foleni ya Kimara ambapo gia boksi inapata joto vizuri. Tulisoma tena, safi. Hakuna mshtuko ikiingia gia, hakuna kutetemeka kwenye mwendo mdogo.

Ndipo nikatoa karatasi ya Bi Taratibu yenye mistari mitatu.

Muuzaji aliisoma mara mbili. Akaingia ofisini kwa bosi wake. Dakika ishirini. Akatoka na soda mbili, nikajua kuna jambo. Akasema, "Bosi amesema hayo maneno hatuwezi kuandika. Lakini kama utachukua bila waranti kabisa, anakupunguzia milioni mbili."

Ngong Boxer

Hapo wamekutajia bei ya waranti yao wenyewe!

Bi Taratibu

Nimecheka hadi mwenzangu wa meza ya pili ameniuliza kuna nini. Kaka, waranti ambayo mwenyewe anakulipa milioni mbili usiwe nayo maana yake anajua itamgharimu, au anajua utamsumbua. Vyovyote vile, kati ya karatasi yenye "matumizi mabaya" na milioni mbili mkononi, mimi nachukua milioni mbili. Ila waandike kwenye mkataba kilomita, namba ya chesisi, na kwamba hawajui hitilafu yoyote waliyoificha. Kukataa waranti hakumpi mtu ruhusa ya kudanganya.

Mbongo wa Dallas

Na hizo milioni mbili usizile. Fungua akaunti, ziite CVT.

Kombora GT

Nimechukua. Wameandika hayo ya chesisi na kilomita bila ubishi, lile la kutoficha waliliandika kwa mkono pembeni na kugonga muhuri. Milioni mbili: laki nne na nusu nimempa Spana kwa oili ya CVT yenyewe halisi, oili ya injini na plagi. Iliyobaki iko benki, kadi ameshika mke wangu ili nisione ringi za tairi nikapagawa.

STI yule kijana ameniambia anaifungua injini mwezi ujao kwa Spana. Nimemwomba akimaliza anipigie.

Baba Wawili

Anipigie mimi kwanza.

Bi Taratibu

Baba Wawili??

Baba Wawili

Crown naiuza. Ina waranti ya mdomo.